Nani Alipanga Foleni Hii? Hotuba kuhusu gharama ya kuwatibu wafungwa wa makosa ya ngono

Hotuba hii niliitoa kwenye mkutano wa wazi wa kujadili bajeti ya magereza. Naiweka yote kwa ajili ya walioniambia hawakuweza kufika. Chati zilizokuwa ukutani nimeziacha.

Mwenyekiti, waheshimiwa wajumbe wa kamati, ndugu zangu askari magereza mliokuja moja kwa moja kutoka zamu ya usiku, wazazi, vijana, hamjambo.

Kabla sijaendelea, nataka kumsalimu mtu mmoja ambaye simjui. Ni wewe uliyechagua kiti cha karibu na mlango ili uweze kutoka mazungumzo yakikulemea. Kwenye kila mkutano wa namna hii mtu kama wewe huwa yupo, na mara nyingi ni zaidi ya mmoja. Ukitaka kutoka, toka. Hakuna atakayekuuliza unakwenda wapi.

Mimi nimefanya kazi ya ushauri nasaha gerezani kwa miaka 14. Wengi ninaokaa nao ni wanaume waliofungwa kwa kubaka, kulawiti na kuwadhalilisha watoto. Tunakaa kwenye viti vilivyopangwa duara, mara mbili kwa wiki, na mshahara wangu unatoka kwenye kodi zenu. Kwa hiyo swali la leo, kama umma unapaswa kulipia kazi hii, linanigusa mpaka mfukoni. Nisikilizeni mkilikumbuka hilo.

Miaka michache iliyopita, kwenye ukumbi mwingine, nilipomaliza kuzungumza mama mmoja alisimama. Hakupaza sauti. Alikuwa na kikaratasi mkononi amekikunja mara nne. Nadhani alikuwa ameandika swali lake asije akalisahau, lakini hakukifungua. Akasema: "Mwalimu, binti yangu alisubiri miezi minane kumwona mshauri. Miezi minane. Yule aliyemfanyia vile, nasikia anakaa na mshauri kila wiki, bure. Nani alipanga foleni hii?"

Ukumbi mzima ulinyamaza. Mimi nikajibu kwa maneno ya kitaalamu, nikataja sera na haki na viwango vya kimataifa. Kila nilichosema kilikuwa kweli, na hakuna hata kimoja kilichomfaa. Alinishukuru kwa adabu, akakaa. Leo nataka nimjibu tena, mbele yenu, kwa sababu ninyi ndio mnaoshika kalamu ya bajeti, na swali lake ndilo swali halisi la bajeti hii.

Tuanze na pesa. Tunapouliza "matibabu haya yatatugharimu kiasi gani?", tunauliza kana kwamba tusipoyalipia hatutalipa chochote. Je, ni kweli? Hivi sasa, leo hii, hatulipi?

Mwaka 2017, Cora Peterson na wenzake nchini Marekani walipiga hesabu ya gharama ya ubakaji kwa mtu mmoja aliyebakwa, kwa maisha yake yote. Walipata dola 122,461. Naomba msikilize jinsi fedha hizo zinavyogawanyika. Zaidi ya nusu ni kazi iliyopotea: siku ambazo mtu hakwenda kazini, kazi aliyoiacha, cheo ambacho hakukifikia. Karibu asilimia 40 ni matibabu ya mwili na akili. Na polisi, mahakama, magereza? Asilimia 8. Pingu, kizimba, lango la gereza, yote tunayoyaona kwenye taarifa za habari na kudhani ndiyo gharama ya uhalifu, ni asilimia 8 tu. Karibu theluthi moja ya mzigo wote inabebwa na serikali, maana yake inabebwa na ninyi. Mwaka uliofuata Elizabeth Letourneau na wenzake wakafanya hesabu ya mtoto wa kike aliyedhalilishwa kingono: dola 282,734.

Hizi ni tarakimu za Marekani, na kwingine zitakuwa ndogo au kubwa. Ninachotaka mkione ni mahali gharama inapokaa. Inakaa nje ya gereza.

Namfahamu dada mmoja, fundi hodari wa cherehani, aliyeacha kazi tatu ndani ya miaka sita. Kazi zote zilikuwa nzuri. Ya kwanza aliiacha kwa sababu stoo ya vitambaa ilikuwa na mlango unaojifunga wenyewe. Ya pili, kwa sababu msimamizi alikuwa anapaka mafuta ya nywele yenye harufu ileile. Ya tatu hakuweza hata kunieleza, alisema tu kwamba asubuhi moja alifika getini miguu ikakataa. Sasa niambieni, waheshimiwa: gharama ya dada huyu iko kwenye fungu gani la bajeti? Mmewahi kuliona? Mimi nimezisoma bajeti za miaka kumi nyuma. Hayumo.

Kwa hiyo tunalipa. Swali ni kama tutaendelea kulipa upande huo tu.

Niruhusuni nipige hesabu hapa hapa, ya vidole. Mwaka 2019 Theresa Gannon wa Chuo Kikuu cha Kent na wenzake walizikusanya tafiti 70 za programu za kuwatibu wahalifu wa ngono na wa ukatili. Kwa waliokuwa na makosa ya ngono, kati ya waliopitia matibabu asilimia 9.5 walirudia kosa la ngono. Kati ya ambao hawakutibiwa, asilimia 14.1. Chukueni wanaume 100 wanaotoka gerezani. Bila matibabu, 14 watarudia. Wakitibiwa, 9 au 10. Tofauti ni watu wanne, labda watano. Tuseme wanne, tujibane.

Wanne kati ya 100, kuna mtu atasema, si kitu. Sawa. Tuchukulie kila mmoja wa hao wanne angemuumiza mtu mmoja tu, ingawa sote tunajua wengine hawaishii kwa mmoja. Mara nne dola 122,461 ni karibu dola 490,000. Zigawanye kwa wale 100 uliowatibu: kila mmoja amekuokolea karibu dola 4,900. Kama waathirika wangekuwa watoto wa kike, ni zaidi ya dola 11,000 kwa kila mfungwa aliyekaa kwenye duara. Nakubali, hii si hesabu ya mkaguzi wa fedha. Lakini wachumi wawili wa Australia, Donato na Shanahan, waliifanya kwa utaratibu mwaka 1999, wakauliza swali hilohilo: kiwango cha kurudia makosa kishuke kwa kiasi gani ili matibabu ya gerezani yajilipe? Waliona kwamba hata punguzo dogo linaweza kutosha, kwa sababu kila kosa moja linalozuiwa ni ghali mno. Usipoziba ufa utajenga ukuta; sote tumelelewa na methali hiyo, na hapa ndipo nilipoiona kwa tarakimu.

Sasa niwaingize kwenye chumba chenyewe, maana mnalipia kitu ambacho wengi wenu hamjawahi kukiona.

Ni chumba kidogo, dirisha lake la nondo liko juu. Viti tisa na ubao. Kila mfungwa ana daftari ambalo haliruhusiwi kutoka kwenye jengo lile. Siku za mwanzo kila mmoja anaeleza kilichomleta, na kuna sentensi moja ambayo nimeisikia mara nyingi mpaka naiota: "Shetani alinipitia."

Mnaijua. Imesemwa kizimbani. Imesemwa kwenye vikao vya familia, hata na jamaa wa mtuhumiwa wanapokwenda kuomba mambo yaishe kimyakimya. Na sisi tunaoisikia huwa tunatikisa kichwa kwa huzuni, kana kwamba limeelezwa jambo.

Siku moja mwanaume wa makamo, mtu mpole wa maneno, aliisema. Mwenzangu mwanasaikolojia hakumkemea. Alichukua chaki akamuuliza: "Alikupitia saa ngapi?"

"Jioni. Kama saa kumi na moja."

"Saa kumi ulikuwa wapi?"

"Nyumbani. Namsubiri."

"Ulijuaje kwamba atakuja?"

Kimya kidogo. "Nilimwambia aje achukue daftari lake."

"Daftari lilifikaje kwako?"

"Nilikuwa namfundisha hesabu."

"Tangu lini?"

"Tangu mama yake abadilishiwe zamu."

Walirudi nyuma hivyo, hatua kwa hatua, mpaka wiki sita kabla. Ubao ulijaa. Aliyejitolea kufundisha ni yeye. Aliyenunua kalamu za rangi ni yeye. Aliyesema mlango ufungwe kwa sababu ya kelele za nje ni yeye. Kila mstari pale ubaoni ulikuwa uamuzi, na kila uamuzi ulikuwa na mwenyewe. Yule bwana aliutazama ubao muda mrefu, halafu akasema kwa sauti ya chini sana, "Kumbe nilikuwa najua."

Hapo ndipo kazi inapoanzia. Miezi inayofuata ni ya kuichukua mistari ile mmoja mmoja. Unapojikuta unatafuta sababu ya kubaki peke yako na mtoto, unafanya nini? Unamwambia nani? Upweke ukikubana, hasira ikikupanda, pombe ikikuita, unaelekea wapi badala ya kule? Anajifunza, anajaribu, anakosea mbele ya wenzake, na wenzake wanamkamata, kwa sababu mwongo humtambua mwongo haraka kuliko mimi ninavyoweza. Ni kazi ngumu na ya pole pole. Si mahubiri, na naomba askari mliopo hapa mnishuhudie, si starehe kwa mfungwa. Wengi wangependa zaidi kukaa selo wahesabu siku.

Na kuna jambo nililojifunza kwa kuchelewa. Kwa muda mrefu niliamini machozi. Mfungwa akilia, akimwomba msamaha mwathirika wake, nilirudi nyumbani nikiwa na amani. Lakini Karl Hanson na Monique Bussière, walipozikusanya tafiti 61 mwaka 1998, walikuta kwamba kukiri au kukana kosa, kumwonea au kutomwonea huruma mwathirika, hakukutabiri nani atarudia. Waliorudia zaidi walikuwa wale wenye mvuto wa kingono kwa watoto, wale wenye makosa mengi ya nyuma, na wale walioacha matibabu njiani. Machozi yana thamani yake, sikatai. Ila mimi sasa nayaangalia, halafu naangalia daftari.

Kwa nini nawaambia haya kwenye mkutano wa bajeti? Kwa sababu pesa inaweza kutumika yote kwenye kitu kisichofanya kazi, na ningekuwa nawadanganya kama ningekuja hapa kuomba fungu bila kuwaeleza hilo.

Uingereza na Wales walikuwa na programu kubwa kwenye magereza yao tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990. Ilisifiwa, ilipelekwa gereza baada ya gereza. Mwaka 2017 wizara yao ya sheria ikatoa tathmini: wafungwa 2,562 waliopitia programu wakilinganishwa na 13,219 ambao hawakuipitia. Waliotibiwa, asilimia 10 walirudia kosa la ngono. Ambao hawakutibiwa, asilimia 8.

Rudieni kunisikiliza. Waliotibiwa walirudia zaidi.

Siku niliposoma taarifa ile nilifunga mlango wa ofisi. Ningeweza kusema, na wapo waliosema, kwamba watu hawakugawanywa kwa kura, yaani kwa bahati nasibu, kwamba huenda makundi hayakulingana. Ni hoja ya haki. Lakini mtu anayelipwa na umma hawezi kuchagua utafiti unaompendeza na kuukimbia unaomuumiza. Na huko California, kati ya mwaka 1985 na 1995, walifanya jaribio ambalo watu waligawanywa kwa kura kweli, kwenye hospitali ya Atascadero. Matokeo yalipotolewa mwaka 2005, kwa jumla hakukuwa na tofauti kati ya waliotibiwa na wasiotibiwa. Waliofanya vizuri zaidi ni wale walioyatimiza kweli malengo ya programu.

Je, tufunge daftari twende nyumbani? Hapana. Upande mwingine ipo Kia Marama, kitengo kilichofunguliwa mwaka 1989 kwenye gereza la Rolleston huko New Zealand kwa wanaume waliowadhalilisha watoto. Walipofuatiliwa, waliopitia pale walirudia kwa kiwango cha chini ya nusu ya wale ambao hawakupitia. Basi kinachotenganisha ni nini? Ndilo swali ninalotaka mliulize kila mkurugenzi atakayekuja hapa kuomba pesa, nikiwemo mimi.

La kwanza ni nani anakaa kwenye kile kiti cha mbele. Tafiti alizokusanya Gannon zilionyesha kwamba matokeo huwa mazuri zaidi pale mwanasaikolojia mwenye sifa anapokuwepo chumbani muda wote, akishiriki mwenyewe, na wasaidizi wake wakisimamiwa kitaalamu. Hapo ndipo gharama ilipo, na hapo ndipo watu hupenda kukata. Nimewahi kutembelea gereza moja ambako pesa ziliisha katikati ya mwaka. Mwanasaikolojia akaondolewa. Kitabu cha mwongozo akakabidhiwa askari kijana baada ya semina ya wiki mbili. Nilikaa nyuma nikamtazama. Kijana yule alikuwa mwema, na alikuwa amejiandaa. Alisoma ukurasa mmoja baada ya mwingine, kichwa kimeinama, kidole kikifuata mstari, na wanaume nane wakiitikia "ndiyo, afande" kila alipofika mwisho wa aya. Kwenye taarifa ya mwaka iliandikwa kwamba wafungwa wote wanane wamehitimu. Wote walipewa cheti. Mheshimiwa mjumbe, ukiisoma taarifa hiyo utasema programu ni nafuu na inafanya kazi. Nafuu ilikuwa nafuu.

Na cheti kile si karatasi tu. Bodi inayoamua kuhusu kuachiliwa mapema inakisoma. Mke anakisoma. Mtu akitoka na cheti, macho yanayomtazama yanalegea. Matibabu mabovu yanaweza kuwa ghali kuliko kutotibu kabisa.

La pili ni nani anawekwa kwenye duara. Tumezoea kudhani kila mhalifu wa ngono atarudia, leo au kesho. Kwenye zile tafiti 61 nilizozitaja, waliokamatwa tena kwa kosa la ngono ndani ya miaka minne hadi mitano walikuwa asilimia 13.4. Idadi ya kweli ni kubwa zaidi, kwa sababu makosa mengi hayaripotiwi, na wewe uliyeko karibu na mlango unalijua hilo kuliko mtafiti yeyote. Hata hivyo hatari haiko sawa kwa wote. Vipo vipimo vya kuikadiria, kama Static-99 chenye vipengele 10. Mtu wa hatari ndogo ukimweka miezi kumi na watu wa hatari kubwa, umepoteza pesa, na pengine umemharibu. Fungu likiwa dogo, waanze wale wa hatari kubwa. Najua ni vigumu kusimama kwenye mkutano wa hadhara na kusema tutatumia pesa nyingi zaidi kwa wabaya zaidi. Lakini ndiko punguzo lilipo.

Najua pia nini kinanong'onwa kwenye safu za katikati. Wafungwe maisha, yaishe. Sibishani na hasira hiyo. Nimeisikia ikinipanda mwenyewe ndani ya chumba kile. Lakini tuihesabu nayo. Jimbo la Minnesota, Marekani, tangu mwaka 1994 lina mpango wa kuwazuia baada ya kumaliza kifungo wale wanaoonekana ni hatari. Wamo zaidi ya watu 700, kila mmoja akigharimu zaidi ya dola 100,000 kwa mwaka. Ilichukua zaidi ya miaka 20 kabla mtu wa kwanza hajaachiliwa moja kwa moja, mwaka 2016. Pengine wapo wanaostahili kuzuiwa hivyo, sitasema hawapo. Ila mwaka mmoja wa mtu mmoja pale unalipa mishahara ya wangapi ninaowaomba leo? Na wengine wote, sehemu kubwa kabisa ya wanaofungwa kwa makosa haya, wana tarehe ya kutoka. Iko kwenye faili. Watarudi kwenye mitaa, hakuna shaka kuhusu hilo.

Ndiyo maana sitaki tuishie getini.

Mwaka 1994, huko Hamilton nchini Kanada, alitoka gerezani mwanaume aliyekuwa ameshawadhalilisha watoto mara nyingi. Alimaliza kifungo chote, kwa hiyo hakuwa na ofisa wa kumsimamia wala mahali pa kuripoti. Polisi waliweka lindo. Majirani walikasirika, na nani angewalaumu? Mtu mmoja alikuwa anamfahamu kutoka gerezani: Harry Nigh, mchungaji wa kanisa dogo la Kimennonite, dhehebu la Kikristo. Mchungaji yule hakuwa mtaalamu. Alikusanya watu wachache wa kanisa lake, wakakubaliana kwamba kila siku mmoja wao atazungumza na yule bwana, uso kwa uso au kwa simu. Umekula? Umelala? Jana ulipita njia gani, na kwa nini njia ile? Walimsaidia kupata chumba, na walimwambia wazi kwamba wakiona dalili watapiga simu polisi wao wenyewe. Urafiki na ulinzi kwa pamoja. Yule bwana aliishi zaidi ya miaka kumi baada ya hapo, mpaka alipofariki. Hakurudia.

Kisa kimoja si ushahidi. Lakini mpango ule ulienea nchi nyingine, na Minnesota hiyohiyo wakaupima kwa kura: wanaume 50 walipewa duara la watu wa kujitolea baada ya kutoka, 50 hawakupewa. Grant Duwe alitoa matokeo mwaka 2018. Hatari ya kukamatwa tena kwa kosa la ngono ilishuka kwa asilimia 88, na kila dola 1 iliyotumika ilirudisha dola 3.73. Idadi ya watu ilikuwa ndogo, naisema wazi. Hata hivyo tazameni: jimbo moja, shida moja, njia mbili za kutumia pesa.

Nirudi kwa yule mama.

Mama, nianze na foleni. Hujakosea. Foleni imepangwa vibaya, na walioipanga ni watu, kwenye vikao kama hiki. Mtoto wako alipaswa kuonana na mshauri ndani ya wiki, si miezi. Kwa hiyo, waheshimiwa, naomba muandike: kama fungu ninaloliomba litachukuliwa kutoka kwenye huduma za waathirika, msinipe. Nasema hili nikijua wenzangu wawili ajira zao zinategemea fungu hili, na nimewaambia kabla ya kuja. Msimnyime yule binti ili mnipe mimi. Fedha hizi zitoke kwenye fungu la kufunga na kulinda, kwa sababu hii ni sehemu ya kulinda.

Naomba pia sehemu ya fungu itengwe kwa ajili ya kupima. Mtu wa nje, asiyelipwa na sisi, awafuatilie wanaotoka kwa miaka mitano, na taarifa isomwe hadharani hata ikituumbua. Ikionyesha kama ilivyoonyesha Uingereza, tusimamishe, turekebishe. Na pasiwe na cheti cha kuhudhuria.

Siku ile mkutano ulipokwisha, mama alinisubiri nje. Nilidhani atanilaumu. Kikaratasi bado kilikuwa mkononi. Akakikunjua, na kumbe swali alilokuwa ameliandika halikuwa lile aliloliuliza ukumbini. Lilikuwa hivi, neno la kwanza hadi la mwisho: "Anatoka lini?"

Hakuna aliyekuwa amemwambia. Niliahidi kuuliza, na kesho yake nilifungua faili. Yule aliyemuumiza binti alikuwa kwenye gereza letu, jengo la pili. Hakuwahi kukaa kwenye duara hata siku moja. Jina lake lilikuwa kwenye orodha ya kusubiri, nambari 61, na kiwango cha hatari kimeandikwa kwa wino mwekundu. Programu yetu inachukua miezi kumi. Kifungo chake kilikuwa kimebaki miezi minne.

Nilimpigia simu mama nikamwambia tarehe. Alinyamaza, halafu akaniuliza kama nina uhakika na ile nambari. Nikasema ndiyo. Akasema, "Kwa hiyo na yeye yuko foleni."

Bajeti iliyo mbele yenu ina viti tisa kwa mwaka. Orodha niliyoiacha mezani kwangu asubuhi ya leo ina majina 74. Asanteni kwa kunisikiliza.